Tangi Lisilo na Pampu

Kanga ile haikuwa ya nyumbani kwetu. Nililijua hilo kabla baba hajaitua vizuri mezani, imelowa chapachapa, imefungwa fundo, majani mabichi yakichungulia pembeni. Kanga zote za mama nilizijua. Nimezifua, nimezianua na kuzikunja tangu utotoni, hata zile za sandukuni ambazo hazivaliwi. Hii ilikuwa ya buluu, yenye pindo jekundu na korosho kubwa kubwa katikati. Tena ilikuwa kipande kimoja. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, kwa hiyo kipande cha pili kilikuwa mahali, na kwa mawazo yangu mahali penyewe palikuwa kiunoni mwa mtu.

"Hebu nishikie beseni," baba alisema. "Haya yakikauka mizizi, kazi bure."

Nikamshikia beseni. Sikuuliza kitu. Sikuwa mtu wa kuuliza; nilikuwa mtu wa kufikiri mpaka jibu lije lenyewe, na majibu yanayokuja hivyo huwa mabaya siku zote.

Tulikuwa tunakaa Usagara, pale Tanga mjini. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada yangu. Walionitangulia walikuwa wakipangiwa kazi na serikali hata kabla hawajapumzika. Sisi tuliambiwa tukajitafutie. Baba naye kiwanda chake kilikuwa kimepunguza watu, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Basi sote wawili tukawa watu wa kushinda nyumbani, tukipishana ukumbini kama wageni wa hoteli, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Shughuli ya baba ikawa tangi la samaki.

Tangi lenyewe lilikuwa dogo, la vioo na fremu ya chuma, alilopewa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba. Nilipokuwa mdogo lilikaa chumba cha mbele karibu na dirisha, na ndani yake mlikuwa na kokoto za buluu, jumba la plastiki, na pampu ya umeme iliyotoa mapovu. Miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, mpira wa pampu ulipasuka. Vipuri havikuwepo. Baba alimwagiza kila aliyekuwa akienda Mombasa, na kila aliyerudi alirudi na mafuta ya kula na dawa ya meno. Nani angekumbuka mpira wa samaki? Samaki walikufa mmoja mmoja, tangi likawa la kuwekea chupa tupu.

Sasa maduka yalikuwa yamejaa. Pampu ile ile, mpya, katika boksi lake, niliiona kwa macho yangu dukani, imewekwa kati ya chupa za chai na redio. Nikakimbia kumwambia baba.

"Siitaki," alisema. Alikuwa anakwangua kutu kwenye fremu. "Tutalipanga upya bila pampu. Majani yenyewe yatawapa samaki hewa. Nataka tangi ambalo mtu akiliacha, linaendelea."

"Aliache nani?"

"Mtu yeyote."

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Mtu aliyesumbua nusu ya mji kwa ajili ya mpira wa pampu, leo pampu ipo haitaki? Na kwa nini azungumze habari za kuacha?

Kazi yenyewe, lazima niseme, niliipenda. Tulitoa kokoto za buluu na jumba la plastiki. Chini tukatandaza udongo mweusi, juu yake mchanga wa mtoni tuliouosha mpaka maji ya beseni yakawa meupe. Baba alitaka mchanga uwe chini mbele na upande juu nyuma, ili tangi lionekane lina kina kuliko lilivyo. Nilipoweka jiwe katikati alilitoa.

"Jiwe la katikati linafanana na kaburi. Lisogeze pembeni, lilaze kidogo. Eeh, hapo. Sasa limejiangukia lenyewe."

Lakini mchanga huo aliutoa wapi? Nilimuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali. Akasema Mwera. Mwera iko Pangani, ng'ambo ya mto. Mtu apande basi mpaka Pangani, avuke kwa pantoni, aendelee tena. Mto Zigi uko karibu zaidi, na una mchanga mwingi kuliko tangi lolote duniani. Mtu havuki pantoni kufuata mchanga. Na majani je? Mwera. Mawe? Mwera. Halafu ikaja hiyo kanga.

Nilipoachwa peke yangu niliikamua nikaitandaza. Maandishi yake yalikuwa ya kumshukuru Mungu tu, lakini niliyasoma mara nyingi hadi yakaanza kunisimanga. Anashukuru kwa kupewa nini, huyu mwanamke? Kwa kupewa baba yangu?

Hofu yangu ilikuwa juu ya mama. Nyumba ile alikuwa ameijenga kwa mikono yake sawa na baba, maji ya kufyatulia matofali akiyabeba yeye. Mke wa pili angekuja kukaa wapi, kama si humo? Na kama baba angehamia Mwera, mama angebaki na nini? Na mimi, nisiye na kazi, ningemsaidia kwa shahada?

Nilimfuata jikoni, anakuna nazi.

"Mama, hivi una kanga ya buluu yenye korosho?"

"Unataka kuazima?"

"Nauliza tu."

"Wewe ukianza kuuliza tu, hulali." Hakuinua macho kutoka kwenye mbuzi. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kucha zina weusi. Nilimwonea huruma. Miezi hiyo alikuwa hakai nyumbani. Leo msiba wa huyu, kesho harusi ya yule, na huko kote ni kuosha masufuria makubwa kwa majivu. Anahangaikia watu, nikawaza, na huku nyuma mumewe anavuka mto.

Tangi likazidi kuendelea. Kwanza maji yalichafuka, kisha yakawa ya kijani, nikaamini limeshindikana. Baba akasema tusiliguse. Yakatakata yenyewe asubuhi moja, na ndani mkawa na bustani: majani membamba yanayolala upande mmoja, mengine ya mviringo, na yungiyungi moja dogo lililotandaza jani lake juu ya maji. Tukatia visamaki na konokono, vyote kutoka huko huko. Samaki tuliwalisha viluwiluwi vya kwenye mapipa yetu ya maji. Shangazi alipoliona alisema mashallah mara mbili, na kila jirani aliyeingia alisema mashallah, kama inavyotakiwa mtu aonapo kitu kizuri cha mwenziwe.

Isipokuwa mtu mmoja. Alikuja asubuhi, mama akiwa msibani. Bwana mnene, shati limepigwa pasi kali. Baba alimtambulisha kwa neno "rafiki" bila kuongeza jina la mahali wala la kazi. Yule bwana aliinama, akalitazama tangi, akasema, "Zuri." Basi. Halafu akatembea chumba cha mbele kutoka ukuta hadi ukuta kwa hatua za kupima, akagonga dirisha kwa kidole.

"Umeme upo siku zote?"

"Ukikatika unarudi," baba alisema.

"Na binti atabaki?"

Baba akakohoa. Kikohozi kirefu, cha mtu asiye na kifua. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya kahawa, na nikaelewa yote: huyu ni kaka wa mwanamke. Amekuja kuona dada yake anaolewa kwenye nyumba ya namna gani.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, anayeishi Ngamiani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso huo? Umemeza ndimu?"

Nikamweleza kuanzia pampu hadi kikohozi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

"Baba yako? Huyu mdogo wangu? Hata kanzu yake hajui mbele wapi nyuma wapi, leo aweze wake wawili! We mtoto umesoma ukapitiliza." Akavuta kigoda karibu. "Hiyo kanga ni mpya au ya zamani?"

"Mpya, shangazi. Hata wanga haujaisha."

"Ah-ha." Uso wake ukabadilika. "Na mama yako anasemaje?"

"Hana habari. Kila kukicha yuko kwenye shughuli za watu."

"Masikini wifi yangu. Basi akiaga tena mdogo wangu, na sisi tunaaga. Mimi nitakuwa mgonjwa, wewe unanipeleka hospitali."

Ikawa hivyo. Mama alitangulia alfajiri kwenda arobaini, alisema, na asingerudi hadi jioni. Baba akafuata na kikapu chake. Sisi tukaondoka kwa basi lililofuata, shangazi akinong'ona njia nzima jinsi atakavyomshika huyo mwanamke kwa maneno, maana maneno ndiyo silaha yake. Pantoni ilipotufikisha ng'ambo alikuwa amekwisha kupanga hotuba nzima.

Mwera tulimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akisuka makuti. Shangazi alimwamkia, akamweleza sura ya baba.

"Yule bwana wa Tanga? Yeye na mkewe wako bondeni huko, fuateni kijito."

Mkewe. Mpaka hapo nilikuwa nimeshuku tu, na shaka ina nafuu moja: unaweza kuwa umekosea. Shangazi akajifunga kanga kibwebwe.

Tuliwaona kabla hawajatuona. Baba alikuwa amesimama ndani ya maji, suruali imepandishwa, anachota mchanga. Mbele kidogo mwanamke ameinama na jembe, mgongo kwetu, na kiunoni mwake, buluu, pindo jekundu, korosho. Kipande cha pili.

"We mwanamke!" shangazi alipaza sauti. "We unayejifunga waume za watu kama mkaja! Geuka tukuone huo uzuri uliomvusha mto mdogo wangu!"

Mwanamke akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Akageuka.

"Shikamoo, wifi," alisema mama. "Mmekuja kulima?"

Shangazi akakaa chini pale pale, kwenye tuta, akaanza kucheka, na baba akacheka kutoka kwenye maji, na mama pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado natafuta mwanamke mwingine kwa macho, kule migombani, kwa usalama.

Tulikula mihogo ya kuchoma wakanieleza. Shamba lilikuwa la marehemu mjomba wake mama, limekaa bure. Akiba haikuwepo, kiwanda kisingewarudisha watu. Yule bwana wa hatua za kupima alikuwa mfanyabiashara: angepanga nyumba yetu, chumba cha mbele kiwe duka, na kodi yake iwaendeshe mpaka shamba litoe. Chumba cha nyuma, kinachotazama uani, kingebaki changu. Wao wanahamia huku.

"Hiyo misiba yote?" nilimuuliza mama.

"Miwili ilikuwa ya kweli."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulingoja upate kazi kwanza," mama alisema. "Ungejua, ungeacha kutafuta, ukatufuata huku na shahada yako kupanda muhogo. Na kabla ya hapo usingekula wala kulala."

"Nilikuwa silali hata hivyo. Nilidhani baba ameoa."

"Aoe kwa nini?" mama akamtazama baba kuanzia kichwani hadi kwenye magoti yenye tope. "Kwa mchanga?"

Niliwakasirikia, na hasira yenyewe haikuwa na pa kushika. Nilikuwa nimeona kila kitu sawasawa: kwamba kuna kanga ya pili, kwamba kuna mtu anapima nyumba, kwamba baba anahama. Nilichokosea ni mwanamke tu. Nilimwambia baba kwamba angalau yeye, tulipokuwa tukipanda yale majani pamoja, angeweza kunidokeza.

"Nilikudokeza. Nilisema tangi la kuachwa." Alikuwa anamenya muhogo, hanitazami. "Kitu chenye pampu ungeamka kukitazama kila umeme ukikatika. Nimekupangia cha kukaa nacho bila kukihofia."

Kabla hatujaondoka nilimwomba mama kipande kimoja cha ile kanga. Kile cha tangi kilikuwa kimeshapata madoa ya tope ambayo hayatoki, na nilidhani nina haki nacho.

"Thubutu," alisema. "Hii doti ya kulimia. Wewe ya kulimia unaitakia nini?"

Walihama kabla ya mvua za vuli. Siku ya mwisho mimi na baba tulipunguza maji tukalihamishia tangi chumba cha nyuma, watu wanne wakilishika. Mwanga wa uani ni hafifu, kwa hiyo yungiyungi tulilitoa, likarudi Mwera ndani ya ndoo. Majani membamba yalibaki. Jiwe nililiweka mimi, pembeni, limelala kidogo, na baba hakuligusa. Asubuhi iliyofuata niliamka nikiwa na hakika kwamba samaki wote wamekufa. Walikuwa wazima. Niliona jani limeoza nikatia mkono kulitoa, na konokono alikuwa ameshafika juu yake anakula. Nikautoa mkono wangu.

Mpangaji wetu alipita uani siku chache baadaye akipokea magunia ya bidhaa. Akasimama mlangoni kwangu.

"Halina pampu?"

"Halina."

"Na samaki hawafi?"

"Hawafi."

Akainama, akalitazama muda mrefu, akasema, "Mashallah."

Nikaanza kujiuliza anataka nini.