Siku Mizimu Iliposhika Meza za Kivulini

Leo zimetimia siku kumi na mbili, na Shangazi Geok Choo wa mlango wa pili bado anaapa kwamba aliwaona.

Sio mmoja. Wote.

Anasema ilikuwa Jumamosi, saa sita na robo mchana, jua la kupasua utosi. Meza zote kumi na moja za kivulini, pale nje ya mkahawa wa vibanda chini ya jengo letu hapa mtaani Hougang, zilikuwa zimekaliwa na watu wasio na miguu.

"Wamekaa kimya, wamenyooka, kama wanaosubiri chakula," anasema. "Mmoja akanigeukia. Akaniomba sosi ya pilipili."

Ukimuuliza kama alimpa, anakujibu, "Sasa wewe ungemnyima?"

Nimemsikia akisimulia kwenye lifti. Nimemsikia sokoni. Kila akirudia, mizimu inapungua viungo. Juzi haikuwa hata na vichwa. Sijui huyo wa sosi aliombea wapi.

Mimi humsikiliza hadi amalize, halafu nasema, "Makubwa hayo, shangazi."

Maana meza zilishikwa kweli. Hapo hajadanganya.

Aliyezishika ni mimi.

Naitwa Bee Suan. Nimekulia kwenye kibanda cha tambi cha bibi yangu. Tambi, supu, na vibonge vya samaki anavyovipiga mwenyewe kwa mkono kila alfajiri. Nilipokuwa mchanga nililazwa kwenye boksi la tambi chini ya kaunta. Kazi yangu sasa ni kuosha bakuli na kufuta meza za nje.

Kibanda chetu ndicho cha mwisho kabisa, upande wa mtaro. Mbele yake kuna meza nne zinazopigwa jua tangu saa nne mpaka saa tisa. Ukiweka kijiko pale, ukirudi kinakuunguza.

Upande wa pili yuko Mjomba Tiong wa wali wa kuku. Yeye ana turubai kubwa, mafeni mawili, na meza kumi na moja za kivulini. Mtu akija, anakimbilia kivuli. Akishakaa kivulini, pua yake inamletea kuku.

Sisi tulikuwa tunauzia waliokosa nafasi.

Sasa, Jumanne moja nilienda kuchota barafu. Nikiwa nyuma ya majokofu, nikasikia sauti ya Bwana Quek, mwenye mkahawa, akiongea na bibi.

"Basi bibi, mwisho wa mwezi huu. Mtu wa kuchukua kibanda nimeshampata."

Sikungoja kusikia zaidi. Nilirudi na ndoo tupu, nikamwambia bibi barafu imeisha.

Zilibaki wiki tatu, na bibi hakuniambia neno. Alikuwa anapika na kuimba kwa pua kama kawaida yake. Nikajua ananificha nisiumie. Nikaapa: kibanda hiki hakitoki. Watu wakijaa, Quek atamfukuzaje?

Shule sikwenda mbali. Lakini watu nimewasoma.

Mfuta meza haonekani, jamani. Unapita katikati ya watu na kitambaa chako kama upepo. Wanagombana mbele yako, wanaachana mbele yako. Na kitu kimoja nilichokiona tangu utotoni ni tishu.

Mtu anafika, anatupa pakiti ya tishu mezani, anakwenda kupanga foleni. Basi, meza ni yake. Hapa kwetu mwavuli wako utaibiwa. Mume wako utaibiwa. Tishu iliyoshika meza hakuna wa kuigusa. Nimemwona daktari mzima na trei ya supu ya moto akizunguka mara tatu meza tupu, vidole vinaungua, eti kuna pakiti ya tishu iliyobaki nusu.

Jumatano nikaweka pakiti tatu. Kivulini, meza za pembeni.

Watu wakaja, wakatazama, wakasonya, wakaja juani kwetu. Wakishakaa, harufu ya kitunguu saumu cha bibi inawakamata kola. Siku hiyo supu iliisha saa saba.

Alhamisi, pakiti tano. Ijumaa, saba.

Bibi alifuta jasho akasema, "Siku hizi jua limekuwa tamu kwa watu."

Nikajikausha.

Tamaa, ndugu zangu, haina breki. Jumamosi nikasema leo zote. Nikanunua furushi la pakiti kumi na mbili, aina moja, zote zina ua la waridi. Saa tano na nusu Mjomba Tiong alipoinama kwenye sufuria, nikapita na kitambaa changu. Futa, weka. Futa, weka. Meza kumi na moja.

Hapo nilikosea mara mbili.

Kwanza, zote zilifanana. Watu kumi na moja wasiojuana hawanunui tishu za ua moja.

Pili, nilisahau tarehe. Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya Kichina. Mwezi ambao milango ya kuzimu inaachwa wazi, waliotangulia wanarudi kutembea, na wanarudi na njaa. Nyuma ya jengo letu jukwaa la nyimbo lilikuwa limeshasimamishwa, na kila mtu anajua safu ya mbele pale haikaliwi hata kama mama yako amechoka. Viti vile vina wenyewe.

Saa sita ikafika. Watu wakajaa na trei zao.

"Hizi za nani?"

"Watakuwa kwenye foleni."

"Foleni gani? Foleni ni sisi!"

"Labda ni familia moja."

"Familia ya meza kumi na moja? Wanakula au wanaozesha?"

"Mbona tishu zote zinafanana?"

Mjomba Tiong akatoka na koleo lake la kukamatia kuku. "Wenye meza! Mko wapi? Wali unapoa!"

Feni ikapuliza, tishu moja ikajitikisa kidogo.

Mjomba akanyoosha koleo taratibu. Likaigusa pakiti. Akalirudisha kama limeng'atwa.

"Koleo lina mafuta," akasema. "Nitachafua mali ya watu."

Hapo ndipo Shangazi Geok Choo alipotokea, kikapu mkononi. Akatazama meza. Akatazama watu waliosimama. Akauliza polepole, "Leo tarehe ngapi?"

Mtu akamtajia.

Nakwambia, trei hamsini zilirudi nyuma hatua moja kwa wakati mmoja. Jeshi halirudi vile.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nikatazama meza zetu nne, nikaufunga.

Akajitokeza mzee mmoja mgeni, ametoka Ipoh, ng'ambo ya mpaka, kumtembelea binti yake. "Nyie watu wa hapa mna wazimu," akasema. "Kwetu tishu ni ya pua." Akavuta kiti cha katikati, akakaa. Akafungua pakiti. Akachomoa moja. Akajifuta jasho la paji la uso.

"Heee!" watu wote.

"Baba, usitumie vyao!" Shangazi akalia.

Mzee akacheka. Akachovya kuku kwenye pilipili, akatia mdomoni, bado anacheka.

Pilipili ikapita njia isiyo yake.

Alikohoa yule mzee! Uso ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, machozi yanamtoka, anapigapiga meza. Hakuna aliyemsogelea. Mtu mmoja alimsukumia maji kwa fimbo ya mwavuli. Alipopata pumzi, akaruka kutoka kwenye kiti, akaacha kuku wake, akaja mbio juani kwetu.

"Bibi," akasema kwa sauti ya mkwaruzo, "nipe supu."

Basi. Trei zote zikamfuata kama vifaranga vya bata.

Meza nne, watu arobaini. Wengine walisimama, wengine walikaa ukingo wa mtaro. Waliokuja na wali wa kuku waliongeza supu yetu, eti ya kujilinda. Saa saba kasoro hakukubaki kibonge hata kimoja. Bibi alikaa juu ya ndoo, mikono imelala mapajani. Nikadhani ni furaha.

Jioni habari ilishafika mitaa ya jirani. Kwamba wageni wa mwezi wa saba wamechagua kivuli, na hawavuki kuja kwa bibi wa tambi kwa sababu supu yake wanaiheshimu. Jumapili watu walikuja na magari. Sikuweka tishu hata moja. Meza za kivulini zilijikalia tupu zenyewe, mafeni yanapepea hewa.

Mjomba Tiong alichoma karatasi za sadaka kwa wahenga, akawatolea kuku mzima na machungwa. Wapi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kwetu, kofia mkononi.

"Bibi, nisaidie kabakuli. Labda na mimi wataniheshimu."

Dhamiri ilinichoma. Kidogo tu. Mjomba Tiong aliwahi kuniita panya wa mtaro.

Jana, Jumatano, ndipo Bwana Quek akaja. Tabasamu mpaka masikioni.

"Bibi, yule mtu nimemwambia asubiri kwanza. Huwezi kuondoka sasa hivi, mkahawa wote unakutegemea wewe. Nipe miaka miwili zaidi, nakuomba."

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nilitaka kukirusha juu. Tumeshinda! Nikamgeukia bibi nione anavyocheka.

Bibi alikuwa anatazama sakafu.

"Nitafikiri," akamjibu.

Quek alipoondoka, bibi akainama chini ya kaunta, akatoa lile furushi la tishu. Ndani imebaki pakiti moja, ua la waridi.

"Bee Suan."

"Naam, bibi."

"Mizimu yako inanunua tishu za jumla?"

Sikuwa na pa kuingia. Nikaanza kumwaga yote. "Bibi, walikuwa wanakufukuza! Nilimsikia mwenyewe nyuma ya majokofu, mwisho wa mwezi, mtu ameshapatikana. Ningekaa tu nitazame?"

"Ulimsikia Quek."

"Ndiyo."

"Na mimi nilivyomjibu ulisikia?"

Nikakunja kitambaa.

"Nilimjibu, asante mwanangu, umeniokoa." Akakaa juu ya ndoo. "Mimi ndiye niliyemwomba atafute mtu. Tangu mwaka mpya namwomba. Tazama."

Akajaribu kuinua mkono wa kulia. Ulifika begani, ukakataa.

"Mkono huu ukipiga samaki alfajiri, mchana hauwezi kuchana nywele. Nikawa nahesabu siku. Kila nikisema leo nitapumzika, wewe unaniletea watu arobaini na mizimu yao."

Nilitaka kucheka. Kikatoka kilio.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na kibanda ukampa mtu baki, mimi nipo?"

Bibi akalirudisha furushi chini ya kaunta. "Nilidhani unangoja nitoke ndipo uwe huru," akasema. "Msichana gani anataka kunuka samaki maisha yake yote?"

Tuliosha bakuli mpaka zikaisha.

Asubuhi nilikwenda kwa Mjomba Tiong nikamwambia ukweli. Alininyooshea koleo, akanitukana kwa Kiteochew, lugha ya kwao, mpaka akaishiwa maneno, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika hata ile meza ya katikati ilikuwa yangu. Nikamwambia ndiyo. Hakuniamini. Shangazi Geok Choo ndiyo kabisa, alinihurumia. Alisema mizimu imeshaniingia.

Ndugu zangu mnaosoma, chukueni hili bure. Sikio la kuiba hupata nusu ya maneno, nusu nyingine hujipikia lenyewe. Na mtu unayetaka kumpigania, muulize kwanza kama anataka vita.

Sasa sikilizeni yaliyotokea leo mchana.

Saa sita, foleni ndefu, jua limewaka. Bibi akavua aproni. Akanitia upawa mkononi, akatoka nje. Akapita meza zetu nne, akavuka jua, akaingia kivulini. Akavuta kiti cha meza ya katikati.

Akakaa.

Miaka yote hii sijawahi kumwona bibi amekaa kwenye meza ya nje kama mteja.

"Bibi, toka hapo!" Shangazi Geok Choo akapiga kelele. "Mwezi haujaisha!"

"Niache," bibi akamjibu. "Mimi na hao wageni umri wetu unakaribiana. Tutaelewana."

Akanyoosha miguu. Feni ikampepea nywele. Watu walikuwa wanamtazama kama wanaotazama mtu anayetembea juu ya waya. Bwana Quek alikuwa hapo, akamsogelea, akanong'ona kitu. Bibi akatikisa kichwa, akaniashiria mimi kwa kidevu.

Kisha akapaza sauti juu ya vichwa vya watu.

"Bee Suan! Bakuli moja! Tambi nyembamba, pilipili usitie!"

"Sawa, bibi!"

"Na huyu Quek anataka jibu sasa hivi! Nimwambie kibanda unakichukua wewe?"

Foleni yote ikageuka kunitazama. Mjomba Tiong aliacha kukata kuku.

Nilitumbukiza tambi za mteja wangu wa kwanza kwenye maji yanayochemka.

"Bee Suan! Umesikia wewe?"