Anayepima Hedifoni kwa Pumzi ya Shangazi

Saa mbili na robo asubuhi, mlango wa chumba cha nyuma unafungwa na makelele ya dukani yanabaki nje. Mlango umepigiliwa kipande cha godoro kuukuu. Ndani kuna meza moja, kiti kimoja, feni iliyozimwa kwa makusudi, na kreti la hedifoni za mtumba zilizotoka kwa fundi jana. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anachukua ya kwanza, anaipangusa, anaivaa na kufumba macho.

Baada ya muda anaivua, anaigeuza na kuivaa tena, upande wa kushoto ukiwa sasa kwenye sikio la kulia. Anasikiliza upya tangu mwanzo.

"Nzima," anasema, na kuibandika alama ya kijani.

Hapa dukani wanamwita Bi Sikio. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna hedifoni iliyopanda rafu ya mbele bila kupita kwanza kichwani mwake. Anayekuja kumuuliza anasikiliza nini hasa, kama alivyofanya mwandishi wa simulizi hii, ajiandae kukaa.

"Watu wanadhani naburudika," anasema. "Mume wangu ndiyo kabisa. Anasema mke wake analipwa kwa kustarehe."

Siri iko katika kuchagua nyimbo. Anazo nne tu, ndani ya simu ya zamani isiyo na laini. Wa kwanza una ngoma kubwa na gitaa la besi vinavyokwenda pamoja; hedifoni mbovu huvikoroga vikawa uji mmoja. Wa pili ni mwanamume anayeimba peke yake.

"Huyu lazima akae hapa," anasema akigusa katikati ya paji la uso. "Akisogea kulia, ujue kushoto kumechoka."

Wa tatu hauhitaji hata kufika kwenye maneno. Anachokitaka ni sekunde tisa za kimya kabla haujaanza. Nyaya mbovu, anasema, hazijui kunyamaza.

Kwa nini asitumie nyimbo anazozipenda? Swali hilo linamchekesha.

"Wimbo uliokukolea unakudanganya. Umeshauzoea, basi palipopungua unapajazia mwenyewe bila kujua. Ukienda kununua hedifoni, huo uache nyumbani."

Mwalimu huyu ana lake, kwa sababu wimbo wa nne umemkolea mpaka basi. Ni rekodi ya wanawake kumi na wanne wa ukoo wao wakiimba ukumbini, iliyofanywa na binamu yake miaka ishirini iliyopita. Alikuwapo, na anakumbuka kila mmoja alisimama wapi. Mwisho kabisa upande wa kushoto yupo shangazi yake, ambaye siku hizi ni marehemu. Kabla ya kuanza kuimba, shangazi anavuta pumzi fupi, nyembamba sana, ambayo hedifoni dhaifu huimeza yote.

"Nikimsikia shangazi, sina cha kuuliza tena," anasema.

Mwezi wa tatu mwaka huu, shangazi alipotea.

Alipotea kwanza kwenye hedifoni mbili, halafu tano. Kufikia Ijumaa, Bi Sikio alikuwa amerudisha hedifoni kumi na saba, zote ameziandika "kushoto hafifu". Fundi, ambaye meza yake iko ghorofa ya chini, alizifungua, akabadilisha spika, akazipandisha juu. Zikarudi tena.

"Nilimtolea maneno kweli," anakiri. "Nikamwambia, kaka, spika zako siku hizi unaziokota wapi?"

Fundi, mtu mpole mwenye nywele zilizoanza mvi, hakubishana. Alipanda ngazi na hedifoni moja mkononi, akamvika, akauacha wimbo uanze, kisha akaigeuza palepale kichwani mwake.

"Yeye ndiye aliyenifundisha," anaeleza fundi. "Mteja akilalamikia upande mmoja, mgeuzie. Ubovu ukihama, ni hedifoni. Ukibaki palepale, ni sikio lake. Dada amewageuzia watu mamia. Mwenyewe hakuwahi kujigeuzia."

Shangazi alisikika sikio la kulia, safi kabisa. Kushoto ndiko kulikokuwa hakuna mtu.

"Niliogopa," anasema Bi Sikio. "Watoto wangu wamesoma kwa masikio haya. Nikajiuliza, nikikosa sikio, mimi hapa dukani ni nani?"

Hospitalini alivishwa hedifoni za kupimia na kuambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Alipomaliza, aliomba zigeuzwe na kipimo kirudiwe.

"Mpimaji akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia, wewe nakuamini, hizo ndizo sizijui."

Majibu hayakubadilika. Sauti nyembamba zimeondoka sikio la kushoto na hazitarudi. La kulia nalo limeanza kupungua, ingawa kidogo.

Angeweza kunyamaza. Siku ileile alikwenda kumweleza mwenye duka, ambaye anasema hakupata usingizi mzuri wiki hiyo.

"Mtu anayeniambia ukweli unaomuumiza mwenyewe nitampata wapi tena?" anauliza. "Lakini duka ni duka. Nilimwambia atafute sikio la pili, la sivyo mwisho wa mwaka nitakifunga chumba."

Tangu hapo kila hedifoni inasikilizwa mara mbili. Aliyekuwa akimaliza sitini kwa siku sasa akijitahidi anafika thelathini na tano, na analipwa kwa kila moja.

Sikio la pili amelitafuta karibu. Ni mumewe, mpaka rangi wa nyumba ambaye maumivu ya goti yamemshusha ngazini. Mzee huyu hana wimbo hata mmoja anaoujua mpaka mwisho. Kwake muziki wote ni kelele zilizopangwa.

"Ndiyo maana namtaka yeye," anasema mkewe. "Hana kilichomkolea. Atasema kilichopo, hatajazia."

Jumatatu mwenye duka atamwekea mzee mezani hedifoni kumi, mbovu tatu zikiwa zimechanganywa humo. Akizikamata, chumba kitabaki.

Saa saba mchana mzee anaingia, rangi nyeupe ingali kwenye kucha. Nyimbo tatu ameshazoezwa. Leo ni mara ya kwanza kusikilizishwa wa nne, na kuhusu pumzi hajaambiwa lolote. Anakunja uso.

"Kuna mtu kahema hapa," anasema.

"Upande gani?"

"Huku." Anagusa sikio la kushoto. "Kama mtu anayetaka kuanza kusema. Nimekosea, mama watoto?"

Mkewe anachukua kitambaa na kupangusa hedifoni ambayo alikwisha kuipangusa.

"Hujakosea. Sikiliza tena."

Mzee anaposhuka kunywa maji, Bi Sikio anasema anachokitarajia.

"Bosi anajua namtafutia msaidizi, na ni kweli. Lakini iko siku hata sikio la kulia halitamsikia shangazi. Siku hiyo nataka niwe nimekaa na mume wangu, nimuulize kama shangazi amevuta pumzi. Na akisema ndiyo, nijue hakusema kunifurahisha."