Mshumaa wa Saa Sita Mchana

Mke wangu alizikwa binti yake hayupo, na jambo hilo ndugu zake hawakulimeza. Binti yetu ni huyo mmoja tu. Yuko Slovakia, nchi ya milima huko katikati ya Ulaya, aliolewa na kijana wa kule aliyekuja kuchimba visima kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa hospitali, ametoka kujifungua kwa kisu, madaktari wamemkataza ndege. Akatuma hela za mazishi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alizipokea, akanunua jeneza na mchele, halafu akasema pale matangani kila mtu akisikia, "Hela hazilii."

Tangu hapo wakawa hawamtaji. Huku kwetu Heru Juu mtoto asiyemlilia mama yake ni kama amejitoa mwenyewe kwenye ukoo. Kwa hiyo mwaka wa tatu nilipotumiwa tiketi nikamtembelee, shemeji alinifuata hadi stendi ya Kasulu. Aliniambia nikamwangalie vizuri, nikirudi niwaambie kama bado ni mtoto wetu au amekuwa wa kule. Nikaondoka na mzigo huo, na maharage pia, ambayo uwanja wa ndege waliyachukua wakayatupa. Maharage ya mwaka ule yalikuwa mazuri, mpaka leo yananiuma.

Walikuwa wanakaa ghorofani, mji mdogo chini ya mlima. Asubuhi binti anakwenda kazini, mumewe kazini, mjukuu anapelekwa kwa walezi, nabaki mimi na friji. Friji la kule linaunguruma kidogo, halafu linanyamaza. Likinyamaza ndiyo unajua kwamba uko peke yako. Nilikuwa nashuka na lifti ili nikutane na watu. Na kweli, mtu akiingia kwenye lifti anakusalimia, hata kama hakujui, na akitoka anakuaga. Ila ndiyo imeisha hapo. Mimi nimezoea ukimwambia mtu "mwakeye" asubuhi, mnakwenda mpaka mvua, mpaka mbuzi, mpaka mguu wa mama yake mzazi. Kule nilikuwa nimebaki na salamu mdomoni, sina wa kumalizia.

Chakula chao nilikiweza. Kuna madonge madogo ya viazi na unga, wanayamwagia jibini ya kondoo, ina harufu kama zizi, lakini ukizoea inashuka. Na supu ya kabichi iliyochachushwa. Kabla ya kula wanakupa kikombe kidogo cha pombe kali ya matunda, na lazima umtazame mwenzako machoni mnapogonganisha. Hilo lilinipa tabu. Mimi nililelewa kwamba mkwe humkodolei macho.

Mkwe ninayemsema ni mama wa mume wa binti yangu, mjane, mama mnene mwenye miguu inayovimba, anayekaa nyumba yake mwenyewe mwisho wa mji. Siku ya kwanza kupelekwa kwake, tulivua viatu mlangoni. Kule nyumba ni nyumba, viatu vya nje haviingii, na kila nyumba ina kapu la ndara za wageni. Zile za kapuni zote zilikuwa ndogo kwangu. Yule mama akaenda chumbani, akarudi na ndara za ngozi, kubwa, zimekanyagwa vizuri, akaziweka mbele ya miguu yangu. Nikamuuliza binti yangu kwa Kiha ni za nani. Akanijibu ni za marehemu baba mkwe.

Nikabaki na soksi. Sasa nieleze mwenyewe: unamvalisha mgane viatu vya marehemu, mbele ya mjane, mbele ya watoto, maana yake nini? Kwetu hiyo ni kurithishwa. Nikamwambia binti yangu amwambie mkwe kwa heshima kwamba mimi bado nina majonzi, na mbuzi wa mambo hayo sikuja nao. Alicheka mpaka akakaa chini. Mkwe akataka kujua kinachochekwa, akaelezwa, akanitazama toka kichwani hadi kwenye soksi. Binti akanitafsiria jibu lake: "Mwambie avae tu. Mwenyewe alikuwa anakoroma, sitaki mwingine."

Nikavaa. Zilikuwa na joto.

Nilicheka pale, lakini kwenye basi la kurudi nikamtazama binti yangu akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, nikawaza, huyu anaweza kucheka hivi, na mama yake sijamsikia akimtaja hata mara moja tangu nifike. Nilikuwa nasubiri aanze yeye. Yeye, nadhani, alikuwa anasubiri nimsemeshe mimi. Tukawa tunaongelea hali ya hewa, kama watu wa kwenye lifti.

Baridi ilipoanza kuuma, mkwe alitualika tena. Nikasema safari hii siendi mikono mitupu. Mchana nikiwa peke yangu nikatoka na hela niliyoachiwa. Mji mzima ulikuwa umejaa maua, kila duka, hadi nje ya kituo cha mafuta: maua meupe na ya njano, vichwa vikubwa vimefumka kama kuku aliyejitikisa. Nikaona hapa ndipo watu wa huku wanapochukua zawadi. Nikachagua meupe sita. Jozi tatu, kwa sababu kitu cha heshima hakitolewi kikiwa pungufu. Nikajipeleka mwenyewe na basi, nimeyashika kifuani, na watu ndani ya basi walinipisha kiti, wanawake wawili wakaniinamia kichwa. Nikasema moyoni, mbona leo wana adabu hivi.

Mkwe alifungua mlango, akayaona, akasimama. Binti yangu alikuwa ameshafika, akaweka mkono mdomoni. Ndipo nikaelezwa. Maua yale ni ya makaburini. Na hata lingekuwa ua jingine, ukihesabu ukapata idadi ya jozi, hilo ni la maiti. Mtu aliye hai anapewa moja, au matatu, au matano. Mimi nilikuwa nimemletea mwanamke mzima maua ya kumzikia.

Nilitaka kushuka ardhini. Lakini yule mama aliyapokea, akayakata miguu, akayatia kwenye ndoo ya maji, akasema kitu bila kunitazama. Binti akanitafsiria: "Mwambie amenipunguzia safari ya sokoni. Kesho tunayapeleka kwa mwenye ndara."

Kesho yake ilikuwa siku yao ya kuwakumbuka wafu. Tulitoka jua limeshalegea, kule jioni inawahi. Nilipoona tunaelekea makaburini na giza linakuja, nikapunguza mwendo. Wewe msomaji kama ni wa huku unanielewa. Makaburini watu wanakwenda mchana kuzika, wanarudi. Anayekwenda jioni, tena na moto, tunajua ni mtu wa namna gani, na huku kwetu wazee wamechomewa nyumba kwa kidogo kuliko hicho. Nikamwambia binti yangu mimi nitawasubiri getini. Akanishika mkono kama mtoto, tukaingia.

Lo. Kilima chote kilikuwa kinawaka. Kila kaburi lina mishumaa, imo ndani ya vikopo vyekundu vya kioo vyenye kifuniko, upepo hauwezi kuizima. Watoto wanakimbia katikati, vigari vya watoto wachanga vinasukumwa, wazee wamekalia mabenchi wanapiga soga. Na hapo, wallahi, ndipo niliposalimiwa kwa mara ya kwanza katika nchi ile. Watu walisimama, wakanipa mkono, wakauliza mimi ni nani, nimetoka wapi, marehemu wangu ni nani. Wazungu wale walikuwa wameficha salamu zao zote makaburini.

Mkwe akapanga maua yangu kwa mumewe. Halafu binti yangu akatoa kikopo kimoja kwenye mfuko wake, akanipa ishara nimfuate. Katikati ya makaburi kuna msalaba mkubwa wa jiwe, na chini yake vikopo vimerundikana mpaka joto linakupiga usoni. Akaniambia, "Hapa wanawashia wale waliozikwa mbali, Baba. Mimi huja kila mwaka."

Akachuchumaa, akawasha, akaanza kusema kwa Kiha. Alimsalimia mama yake. Alimwambia Baba amekuja, amekonda, anakula vizuri, mtoto ameanza kuongea. Alimweleza kila kitu, kama mtu aliyerudi kutoka sokoni. Halafu sauti ikamtoka. Si kilio cha kule, cha leso. Kilio chetu, kile kinachoanzia tumboni na kuita jina, ambacho ukikisikia Heru Juu unaweka jembe chini. Watu wote wakageuka. Soga ikakatika kwenye mabenchi. Mkwe alikuja na miguu yake ile iliyovimba, akasimama kati ya binti yangu na macho ya watu, na mkoba wake ameukumbatia tumboni, mpaka ikaisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Sikujua mikono niiweke wapi.

Niliporudi nyumbani nikaita ndugu, nikawaeleza. Walinisikiliza. Shemeji akasema, "Amelia kwa watu wengine, kwenye msalaba wa watu wengine. Hapa nani alimsikia?" Wakanywa pombe yangu, wakaondoka.

Nilikuwa nimekuja na kikopo kimoja, nimekizungushia sweta ndani ya begi. Mwaka uliofuata, siku ile ya wafu ilipofika, nikasema kama binti yangu anawasha kule, mimi niwashe huku, kaburini kwenyewe, waonane. Mke wangu amelala nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikawasha jioni. Nikakaa naye kidogo, nikaingia kulala.

Kulipokucha kitongoji kizima kilikuwa na habari: mzee kutoka Ulaya ana moto mwekundu kaburini. Mwenyekiti alikuja na baiskeli yake, mtu mstaarabu, akakataa hata kukaa. Akaniambia, "Mzee, mimi nakufahamu. Lakini siwezi kukesha nikilinda paa lako. Washa mchana, watu waone unachofanya."

Basi siku hiyohiyo, saa sita, jua la utosi, nikawasha tena. Na mshumaa mchana hauonekani. Kile chekundu chote cha kule kilikuwa kimekwenda, kimebaki kikopo tu, kama takataka iliyosahauliwa. Watu watatu wanne walipita njiani wakatazama, hawakuona la kutazama, wakaendelea. Nikakaa kwenye kigoda, nikaona upweke wa ajabu, kuliko ule wa friji.

Shemeji akaja. Nadhani mwenyekiti alimtuma ashuhudie. Akaegesha baiskeli kwenye mti wa kahawa, akasimama mbali.

"Mbona hauwaki?"

"Unawaka. Weka mkono."

Akasogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakitoa haraka. Akakitazama kiganja chake.

"Na yeye anawasha hivihivi?"

"Kila mwaka. Na kulia, analia."

Aliinama, akang'oa magugu upande wa miguuni, kisha upande wa kichwani, akayatupa nje ya migomba. Akapanda baiskeli bila kuaga.

Jioni binti alipiga simu, akaniuliza kama niliwasha, na kama nilikuwa peke yangu. Nikamwambia mjomba wako alikuja, aling'oa magugu. Akaniuliza upande gani, nikamwambia miguuni na kichwani. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Kikopo nimekiosha, kipo kabatini. Mishumaa ya dukani Kasulu ni mirefu, haiingii, inabidi niikate kwa kisu.