Chumvi ya Wifi Yangu

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mie kovu langu nimelipata kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na sitaki mtu aniambie nimsamehe kwa kuwa amekwisha kufa. Wafu nao wana makosa yao.

Ilikuwa wakati wa vita vya maji, Mdachi alipotulimisha pamba mpaka migongo ikakakamaa, na akida akitembea na kiboko kama mtu anayeswaga mbuzi. Ikaja habari kutoka juu mtoni kwamba kuna dawa. Ni maji, unamwagiwa kichwani, unakunywa kidogo, na risasi ya Mdachi ikikupata inageuka maji. Wanaume wa kwetu Mtawanya wakaenda kuchukua dawa, mume wangu akiwamo.

Dawa ile ilikuwa na miiko. Aliyeinywa asimkaribie mkewe mpaka vita viishe. Asile chakula kilichopikwa na mkewe, bali apikiwe na dada yake wa tumbo moja, ugali wa mtama usiotiwa chumvi. Basi wifi yangu akashika chungu, mie nikakaa kando kama mgeni nyumbani kwangu. Mume wangu akahamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti bondeni ambamo tunalalia kuwinga nguruwe wasimalize mahindi. Siku tano alikaa kule. Siku ya sita wakaondoka kwenda kulishambulia boma la Mdachi.

Hawakurudi wote. Mume wangu hakurudi. Jirani yetu aliyenusurika ndiye aliyetuletea habari, akasema risasi ilimpata kifuani, na haikugeuka kitu.

Siku ya kuanua tanga, watu wamejaa uani, khitma imekwisha kusomwa, wifi yangu akasimama katikati ya wanawake akanielekezea kidole. "Huyu ndiye aliyemwua kaka yangu! Nilimwona kwa macho yangu akitoka dunguni usiku wa kuamkia safari. Kaivunja dawa kwa tamaa yake!"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni kweli nilikwenda dunguni usiku ule. Lakini naapa kwa Mola aliyeniumba, mume wangu hakunigusa hata kidole. Nikasema hivyo. Nani anisikilize? Kila nyumba pale ilikuwa imefiwa, na kila nyumba ilikuwa inatafuta nani kavunja mwiko. Hakuna aliyethubutu kusema labda dawa yenyewe ndiyo mbovu. Wao ndio walioifuata, wao ndio walioinywa, na wana wao ndio waliozikwa. Ilikuwa rahisi zaidi kunipata mie.

Eda yangu sikuimalizia kwa mume. Nilitolewa na kitanga changu cha mkeka na kanga mbili, mjane wa siku tatu. Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Nikashuka mpaka Mbwera, visiwani, kwa mjomba wangu aliyekuwa akikata boriti za mikoko. Njia nzima nilikuwa nasema neno moja tu moyoni: atasema. Wifi yangu atasema mbele ya watu kwamba amenisingizia. Sikutaka kingine duniani. Sikutaka mume mwingine wala mtoto. Nilitaka maneno hayo yatoke kinywani mwake.

Mungu si Athumani. Mdachi akachoma maghala huko juu, ikaingia njaa, watu wakala ming'oko ya porini, ikiisha wanachimba mizizi wasiyoijua. Sisi Mbwera tulikuwa na mpunga, kwa sababu askari hawakupenda kuingia kwenye matope yetu. Siku moja natwanga na wenzangu, namwona mwanamke anashuka mtumbwini na kikapu kitupu. Mifupa ya shingo imemtoka. Nilimjua kwa mwendo wake tu, ule mwendo wa kujiona.

"Wifi," akaniambia, "nimekuja kuomba."

"Karibu," nikamjibu, na mchi sikuuweka chini. "Mpunga upo. Sema kwanza hapa mbele ya hawa kwamba ulinisingizia."

Akasema, "Heri nife," akageuka na kikapu chake kitupu. Wenzangu wakanitazama, mmoja akaniambia, "Shoga, una roho ngumu!" Nikamwambia anyamaze, hayajamfika.

Nitasema kweli, nilifurahi. Nililala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu nilipotolewa.

Siku ya nne akarudi. Safari hii alikuwa anakamata kuta za nyumba za watu ili asianguke. Akaja mpaka kwenye kinu, akakaa chini mchangani, akasema mwenyewe mbele ya wenzangu bila kuulizwa: "Nilikusingizia. Nilikuona ukitoka dunguni, hilo kweli, lakini sikujua ulichokifanya. Mie ndiye niliyetia chumvi. Kaka yangu alinibembeleza, ugali haupiti kooni, nikamwonea huruma nikatia punje chache. Alipokufa nikajua ni mie. Nikatafuta mtu wa kumtwika."

Pale pale nilimpimia pishi mbili za mpunga na kumjazia kikapu. Msidhani ilikuwa huruma. Nilikuwa namlipa kwa alichonipa, maana alikuwa amenipa panga na mpini wake.

Tangu siku ile sikupumzika. Kila mtumbwi uliopanda mto ulibeba habari yangu. Harusini, msibani, kisimani, popote nilipowapata wanawake wawili niliwaambia nani hasa aliyemwua mume wangu. Wifi yangu akahamia Ruaruke ili ayakimbie maneno, na maneno yakamtangulia. Huko wakamwita Bibi Chumvi. Wanawake hawakumwachia kijiko msibani. Mtu wa mbali akija kumposa, anaambiwa, "Huyo? Mwulize kaka yake." Hakuolewa. Na nikasikia kwamba chumvi hakuila tena, chakula chake chote akikila chapwa kama mgonjwa. Nikasema, vizuri, na akile hivyo hivyo.

Lakini hapa ndipo penye mwiba, na mie nimekwisha kuwa kikongwe, sina tena wa kumwogopa. Mie nilijua kwamba si chumvi. Yule jirani aliyenusurika alikuwa amenieleza zamani, kabla sijatolewa, kwamba wa kwanza kuanguka pale bomani alikuwa mgane mmoja mzee. Mke hana, dada hana. Ugali wake akijipikia mwenyewe, bila chumvi, na usiku analala msikitini. Kama kuna mtu aliyeishika miiko ni yule. Risasi ilimpata ya kwanza. Nilijua, na nikanyamaza, na miaka yote ile nikamwacha wifi yangu abebe maiti ya kaka yake mgongoni.

Alipougua akaniita. Nilikwenda Ruaruke, sitadanganya, nilikwenda kumtazama alivyo. Alikuwa amebaki macho tu. Akanishika mkono, akasema, "Wifi yangu, weye una akili kunishinda. Niambie kabla sijaondoka. Ni chumvi yangu?"

Neno moja. Siyo, basi. Hata kichwa ningetikisa angeelewa. Nikamwambia, "Mungu ndiye ajuaye." Akaniachia mkono. Alfajiri yake wakamwosha.

Watu husema nilikuwa na kisasi, na kweli nilikuwa nacho, hata sasa nikiikumbuka siku ya tanga damu hunichemka. Ila kisasi kilikuwa kimekwisha kulipwa siku ile pale kinuni. Kilichonifunga mdomo Ruaruke ni kingine.

Usiku ule nilipokwenda dunguni, mume wangu ndiye aliyekuwa ameniita. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, yale ni maji tu. Mie niliyaonja vizuri. Ni maji ya mto na unga wa mtama. Tukimbilie Mbwera kwa mjomba wako, tukate mikoko mpaka haya yapite." Mie nikacheka. Nikamwambia, "Ebo! Mwanamume mzima! Basi vua hiyo nguo uvae kanga yangu, huo mkuki nipe mie." Asubuhi niliposimama mlangoni kuwaaga, alipita bila kunitazama, mkuki begani.

Ningemwambia wifi yangu kwamba chumvi haikuwa na kosa, angeniuliza nimejuaje, na jibu lingenifikisha dunguni, kwenye kile kicheko changu. Yeye alikuwa na njaa ya siku nyingi alipokaa mchangani akasema lake mbele ya watu. Mie nilikuwa nimeshiba, tuko wawili tu chumbani, na langu sikulisema.