Dhahabu Niliyoikamata Maabara

Niliposikia mpimaji ndani ya maabara akisema peke yake, "Hii kubwa, hii ndogo," uvumilivu ukaniishia. Rovu langu, huu uvimbe wa shingoni, lilikwisha kuchomwa sindano ya vipimo, daktari akashindwa kujua kama ni saratani, nami nina mtoto wa kunyonyesha, sina siku za kupoteza. Kila nikija naambiwa, "Subiri, Mama Kabula." Kumbe mwenzetu anapima dhahabu saa za kazi! Sisi wa Geita walanguzi tunawajua: huinamia kioo cha kukuzia, hupima punje, hunong'ona.

Nikaingia, nikampokonya kile kigae cha kioo, nikawainulia wagonjwa waliokuwa wakisubiri mlangoni. "Tazameni mali yake!" Kikaniponyoka, nikakikanyaga.

Mpimaji hakufoka. "Mama Kabula, hizo ni chembe za rovu lako. Kwa macho tu hazikueleweka, ndiyo maana napima ukubwa wake. Sina nyingine."

"Basi kachimbe tena, mayu," bibi mmoja akanicheka, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikachomwa upya, nikaanza kusubiri upya. Lakini kwa mganga mkuu wa hospitali nilipeleka malalamiko, na sahihi nikatia: "Kioo nimevunja mimi, nakiri. Nalalamika kwamba shingo ni yangu, na hakuna aliyeniambia mnapima nini."