Hirizi Iliyorudi Kikapuni

Sisi tuliokulia Rumonge wakati wa Mjerumani tulikuwa na mchezo ambao watoto wa leo hawaujui. Mmoja alikuwa daktari, mwingine askari, waliobaki walipanga mstari. Daktari alipapasa shingo, na akisema amepata tezi, ulilazimika kulala chini na kukoroma mpaka wenzako wacheke. Tulicheza hivyo kwa sababu ndivyo wakubwa walivyofanyiwa. Ugonjwa wa malale, ambao dalili yake ni tezi za shingo kuvimba, ulikuwa umeenea kando ya ziwa, na serikali iliamuru vichaka vya ufukweni vikatwe ili kufukuza mbung'o, inzi wanaouambukiza. Wazee walikata, sisi tukanung'unika, maana ndimo tulimokuwa tukijificha.

Mji ulinuka mawese yanayochemka na ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani. Jirani zetu wengi walikuwa Waislamu, na siku ya Idi tulikula kwao bila kuulizwa. Wakristo walikuwa wachache. Mama alifundishwa na katekista aliyeshuka kutoka milimani, akabatizwa, akawa anasali katika kibanda cha majani kilichovuja. Baba alimwacha afanye atakavyo. Bibi, mama yake baba, hakumwacha.

Siku moja, kwenye mstari ule wa kweli, shingo ya mama ilionekana ina tezi. Akapelekwa kambi ya wagonjwa, nje kidogo ya mji. Wengi walioingia humo tuliwaona wakitoka wamebebwa.

Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kubeba kikapu, kwa hiyo chakula nilimpelekea mimi. Chini ya ndagala Bibi alificha hirizi, kipande cha mzizi kilichoshonewa ndani ya ngozi. Mama alikula, akaifunga hirizi katika jani la mgomba, akairudisha. Kesho yake ikaenda tena. Kikapu kilikwenda na ndagala na hirizi, kikarudi na hirizi peke yake, mpaka Bibi akachoka, akaja mwenyewe.

"Vaa, mwanangu," alimwambia. "Watoto wako iko wadogo. Mungu wako atakasirikia kamba?"

"Kama iko kamba tu, Mama, haitanisaidia. Na kama si kamba tu, mimi niko na mwenye kunilinda tayari."

Bibi akamwita mkaidi, akasema kwa uzee ule yeye halei yatima. Mama alimwomba radhi kwa upole, lakini mkono hakuunyosha.

Bibi alipotangulia kutoka, nilimuuliza mama kama haogopi. Alisema sindano ya kambini anaiogopa sana.

"Ila kufa na kupona nimemwachia Yesu," akaongeza. "Nyinyi pia nimemwachia. Ndiyo maana napata usingizi."

Nami niliona kwa macho yangu. Jioni, kabla sijaondoka, alisema Baba Yetu kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mtu aliyekaa karibu. Wanawake wengine wagonjwa walivuta mikeka yao wakamsogelea, hata wasiokuwa wa dini yake. Walisema karibu naye panatulia.

Mama alipona. Lakini dawa ile kali ya sindano iliyomponya ilimchukua macho, kama ilivyowafanya wengine mle kambini. Mjini wakasema angevaa hirizi angekuwa anaona. Nilimngoja Bibi naye aseme hivyo. Badala yake, kila Jumapili alimshika mama mkono akamfikisha kanisani, kisha yeye akakaa nje, penye mlango, mgongo akiuelekeza ndani. Nilipomuuliza, alidai anafuata kivuli. Hata siku za mawingu alikaa palepale. Alifariki bila kubatizwa, na mama hakumsukuma.

Leo kanisa letu ni la matofali, lina kengele na mabenchi. Vijana hukaa nyuma kabisa ili watoke upesi, na mmoja wao akipata homa kidogo nyumba nzima haipumui mpaka muuguzi aitwe. Siwalaumu, dawa za sasa ni nzuri, na hakuna tena anayepapaswa shingo mbele ya askari. Lakini wale tuliokaa kwenye mkeka wa kambi tumebaki wachache, na wajukuu wangu hawaamini nikiwaambia kwamba mahali pale pa hofu ndipo nilipomwona mtu asiye na wasiwasi. Naingia kanisani mapema, kabla hawajafika, natafuta utulivu ule wa mama. Siku nyingine naukosa, nasali tu hivyohivyo. Siku nyingine naupata.