Nafasi ya Valary Ilikuwa Uriri

Mimi ni Mama Sheila, nauza chai na mandazi hapa sokoni Ogwedhi, na nikikasirika sinyamazi. Kwa hiyo mtu asiniambie Valary alikosa chuo kwa sababu hakusoma. Alisoma. Alipata C+, na kuna wasichana wa hapa hapa Uriri waliopata C tupu na sasa wanavaa sare za uuguzi.

Babake alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Mfangano, huko ziwani. Mamake, Mellen, alikuwa Mkuria wa hapa kwetu. Babake alifariki, kisha Mellen naye akaugua, akafa, akazikwa kule kisiwani kando ya mumewe. Kaka yake Mellen, mzee Werema, ndiye aliyevuka maji kumchukua mtoto, angali ananyonya kidole, akamlea kama wake. Werema ni mfanyabiashara wa ng'ombe na hajawahi kumuuzia mtu mnyama mgonjwa. Ni mtu wa ukweli, mpaka anachosha.

Watoto wa hapa walimwita Valary mtu wa ziwa. Alichunga mbuzi peke yake, akasomea huko huko malishoni. Kwangu alikuja kukaa tu. Nampa chai, anakunywa bila neno, halafu anaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwambia aoshe. Na kutoka kwa kina babake, miaka yote hiyo, hakuna aliyekuja kumwona. Hata mmoja. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Alipofikisha umri wa kitambulisho, afisa aliuliza kwao ni wapi. Mtu yeyote angesema Ogwedhi, yaishe. Werema akajibu, "Mfangano. Mimi nilipokea ng'ombe za mamake. Mtoto ni wa huko." Kwetu ukishapokea mahari, mtoto anayezaliwa ni wa kina babake, si wako, hata kama ni wewe unayemlisha. Basi kitambulisho kikatoka kimeandikwa Mfangano.

Sasa, hicho chuo cha uuguzi alichoomba hugawa nafasi kwa kila kaunti ndogo, ili kila upande upate wauguzi wake. Ni vizuri, sikatai. Lakini upande wa kisiwani mwaka huo walioomba walikuwa na alama za juu, na wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na B-. Huku Uriri wa mwisho alikuwa na C tupu. Valary alienda chuoni kuuliza. Karani akamweleza kwa upole kwamba angehesabiwa Uriri angeingia, na kwamba bado kuna muda kidogo. Alete barua ya chifu kuthibitisha kwao ni Ogwedhi.

Alirudi anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo. Alinishika mkono akasema, "Mama Sheila, nitakuwa nesi." Nikaacha biashara, nikaandamana naye na mjomba wake kwa chifu, maana Werema kwa maneno ya ofisi ni mzito.

Chifu hakuwa na ubaya. "Hii ni rahisi," alisema. "Mtoto wa msichana ambaye hakuolewa anahesabiwa kwa kina mamake. Mzee Werema, wewe sema tu Mellen hakuolewa, mimi nitaandika."

Werema aliangalia chini. Akavua kofia, akaifinya mikononi. Nilijua atasema. Kwa ajili ya huyo msichana angesema, halafu asingeweza kujitazama tena mpaka afe. "Chifu," akaanza, "dada yangu..."

"Mjomba, acha," Valary akasema. Akamgeukia chifu. "Mamangu aliolewa. Amelala kwa mumewe. Samahani tumekupotezea wakati."

Nilitaka kumzaba kofi, kweli. Tulipotoka nje nilimwambia, "Mellen amekufa, yeye hana haja na chuo, wewe ndiye unayo." Hakukasirika. "Mama Sheila," akasema, "kule kisiwani sina mtu ila yeye. Nikisema hakuolewa, nimemtoa pale alipolala. Halafu mimi nitakuwa wa nani?"

Muda wa marekebisho ukapita. Siku hizi Valary anauza dawa za mifugo katika duka moja hapa sokoni, na wachungaji wanampenda kwa sababu hana haraka. Wale wasichana wa chuo wakija likizo anawasalimu vizuri. Wakishaondoka hapendi kusemeshwa, na mimi nimejifunza kumwacha.

Desemba iliyopita aliomba ruhusa kazini, akaenda Mfangano kwa mara ya kwanza tangu aletwe, kuona kaburi la mamake. Alipoingia bomani kwa kina babake, mwanamke mmoja alitoka jikoni akamuuliza anatafuta nani. Valary akamwambia hapa ni kwao. Yule mwanamke akamtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akamwambia angojee nje, mpaka wenye boma warudi.